Neno Lenye Kipimo: Kuisoma Lugha ya Ubunifu wa Ndani ya Nyumba

Ubunifu wa ndani ni taaluma ya kuipanga nafasi iliyozungukwa na kuta ili itumike vizuri, ipate mwanga na hewa, na imtulize anayeishi humo. Kwa hiyo unatofautiana na usanifu majengo, unaobeba dhamana ya jengo zima na uimara wake, kama unavyotofautiana na upambaji, unaoanza baada ya nyaya na mabomba kufukiwa ukutani na kuishia kwenye mapazia, mazulia, mito na picha. Tofauti hiyo huonekana ya kitabuni mpaka siku mwenye nyumba anapong'amua kwamba soketi imekaa nyuma ya kabati na kwamba mpambaji aliyemwita hana mamlaka wala ujuzi wa kuihamisha, kwa sababu aliyepaswa kuulizwa ni mbunifu wa ndani, na alipaswa kuulizwa kabla ya lipu kupigwa.

Anayejenga au kukarabati nyumba katika miji ya Afrika Mashariki hukutana na lugha tatu zinazosemwa kwa pamoja. Ipo lugha ya waliosomea kazi hiyo, wanaozungumzia uwiano, urari, skeli na mdundo. Ipo lugha ya mafundi, ambayo msamiati wake ni lipu, skimu, jipsamu, skatingi na grauti. Na ipo lugha ya wauzaji, ambao kwao kila kigae, kila kochi na kila taa ni ya kisasa na ya kifahari. Lugha mbili za mwanzo zinafanana kwa jambo moja kubwa, kwamba nyuma ya karibu kila neno mna kipimo kinachoweza kuhakikiwa kwa futikamba, kwa jicho au kwa kiganja cha mkono. Ya tatu kwa kawaida haina kipimo, na huenda ndiyo sababu hukubaliwa upesi kuliko zote, maana neno lisilopimika halina wa kulipinga.

Istilahi za namna hii hazikuletwa pwani na majarida ya mapambo. Nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, ambayo mfano wake mmoja umehifadhiwa mjini humo kama makumbusho, ilikuwa na jina kwa kila hatua ambayo mtu alipiga kutoka njiani hadi chumba cha mwisho. Mgeni alianzia kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili, akapita tekani, iliyopindisha njia ili jicho la mpita njia lisifike mbali, akatokea kiwanda, ambacho kwa Waamu ni ua wazi wa nyumba na hakihusiani na mitambo ya leo. Baada ya kiwanda ulifuata msana wa tini, kisha msana wa yuu, vyote viwili vikiwa vyumba virefu na vyembamba vinavyopokea mwanga kutoka uani, na nyuma yake kikakaa chumba kiitwacho ndani, ambacho kilikuwa cha wenye nyumba na hasa cha wanawake. Sakafu ya kila chumba ilikuwa juu kidogo kuliko ya kile kilichotangulia. Wabunifu wa leo huuita mpangilio huo ngazi za faragha, wakimaanisha kwamba kadiri mtu anavyozidi kuingia ndivyo nafasi inavyozidi kuwa ya watu wachache. Mwamu aliijua ngazi hiyo kwa miguu, kwa kuwa kila alipoinua unyayo alijua amevuka mpaka.

Kinyume chake ni mpangilio wazi, ambapo sebule, mahali pa kulia chakula na jiko hukaa katika nafasi moja isiyo na kuta za kugawa. Mpangilio huu ulizaliwa na nguzo kabla ya kuzaliwa na ladha: zege lenye nondo lilipowezesha nguzo na mihimili kuubeba uzito wote wa jengo, ukuta wa ndani ulibaki bila mzigo, na msanifu Le Corbusier akalitangaza jambo hilo katika miaka ya 1920 kuwa mojawapo ya kanuni zake tano za ujenzi mpya. Hapo ndipo linapoingia neno ambalo mwenye nyumba hapaswi kulisikia nusunusu. Ukuta unaobeba ni ule ambao ghorofa, dari au paa vimeegemea juu yake, na ukuta wa kugawa ni ule unaotenganisha vyumba tu. Wa pili unaweza kubomolewa kwa siku moja, lakini wa kwanza haubomolewi bila mhandisi kuweka mhimili wa kushika nafasi yake. Mpangilio wazi una pia hasara moja ambayo picha haziionyeshi, nayo ni kwamba samaki anayekaangwa hana faragha.

Maneno mawili yanayochanganywa mara nyingi kuliko yote ni uwiano na skeli. Uwiano ni uhusiano wa vipimo vya kitu chenyewe kwa chenyewe, kama urefu wa chumba kwa upana wake, na skeli ni uhusiano wa ukubwa wa kitu na kitu kingine kilicho nje yake, hasa mwili wa binadamu. Uwiano wa chumba cha Lamu haukuamuliwa na kitabu. Uliamuliwa na boriti, mti wa mkoko uliobeba dari, ambao haukuweza kuvuka nafasi ya zaidi ya takriban mita 3 bila kupinda, hivyo chumba kikarefushwa kadiri ya mfuko wa mwenyewe lakini upana wake ukabaki kuwa wa boriti. Miti hiyohiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Omani na nchi za Ghuba, ambako mbao za kujengea ni haba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za huko vina wembamba unaokaribiana na ule wa Lamu. Pwani mbili zilishirikiana kipimo kwa sababu zilishirikiana mti.

Skeli, kwa upande wake, ina maana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Kwenye ramani ni uhusiano wa karatasi na nyumba, kwa mfano moja kwa hamsini, ambapo sentimita 2 za mchoro ni mita 1 ya kweli na kochi la mita 2 huchorwa kwa sentimita 4. Chumbani ni uhusiano wa samani na mwili wa anayezitumia. Kwa maana hii ya pili Waswahili walikuwa na vipimo vilivyotoka mwilini moja kwa moja, yaani shibiri, ambayo ni upana wa kiganja kilichotanuliwa. Dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambayo ni shibiri mbili. Wari, ambayo ni dhiraa mbili. Na pima, mikono yote miwili iliyonyooshwa, dhiraa nne, zinazokaribia mita 1.83. Le Corbusier alipotunga mfumo wake wa vipimo katika miaka ya 1940 na kuuita Modulor, alimfanya mtu wa urefu wa mita 1.83 kuwa msingi wake, jambo ambalo kwa fundi wa pwani lingekuwa pima ileile iliyosimamishwa wima. Hata kanuni za leo huafikiana na mikono hiyo: njia ya kupita chumbani huhitaji takriban sentimita 90, ambayo ni wari, na kati ya kochi na meza ndogo huachwa sentimita 40 hadi 45, ambayo kasoro kidogo ni dhiraa. Seti ya makochi ya watu saba inayobanwa katika sebule ya mita 3 kwa 4 inaweza kuwa na uwiano mzuri na ikawa imekosa skeli kabisa, na ndivyo ilivyo katika sebule nyingi ambamo wageni hupita kwa ubavu.

Hakuna sehemu ya nyumba ya Lamu inayofundisha istilahi nyingi kwa pamoja kama zidaka. Kidaka ni shubaka lililoachwa ndani ya unene wa ukuta na kuzungushiwa chokaa iliyonakshiwa, na zidaka, kwa matamshi ya kaskazini, ni safu za mashubaka hayo zilizopandishwa kutoka karibu na sakafu hadi kuikaribia dari, kwenye ukuta wa chumba cha ndani unaomkabili anayeingia. Ukuta kama huo ndio unaoitwa kituo cha macho, yaani mahali ambapo jicho hutua kwanza mlango unapofunguliwa na ambapo vitu vingine vyote vya chumba huelekezwa. Kila chumba kina kituo cha macho kitake kisitake, na mwenye nyumba asipokichagua, televisheni hujichagulia.

Katika zidaka unaonekana pia urari, neno ambalo wafanyabiashara wamelizoea kwa hesabu za mauzo na manunuzi, lakini ambalo katika ubunifu lina maana ya mizani ya uzito wa macho. Uzito huo hauna uhusiano na kilo, kwa kuwa kitu cheusi, kikubwa au chenye nakshi nyingi huonekana kizito hata kama ni cha karatasi. Urari wa sawia ni ule ambao upande wa kulia ni kivuli cha upande wa kushoto, na zidaka ni za namna hiyo. Urari usio sawia hupatikana kwa vitu tofauti vyenye uzito unaolingana machoni, kama kochi refu upande mmoja na viti viwili pamoja na taa ndefu upande wa pili, na ni mgumu zaidi kuupata kwa sababu haupimwi kwa futikamba. Mdundo nao ni kurudiarudia kwa umbo kwa vipindi vinavyotabirika, na istilahi hiyo imetoka mahali pake, kwenye ngoma: shubaka, nafasi, shubaka, nafasi, huku ukubwa ukibadilika safu kwa safu ili jicho lisichoke, kama mpigaji anavyobadilisha mapigo kabla mchezaji hajayazoea.

Zidaka zilibeba vyombo vya kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani, na umashuhuri wake unathibitishwa na utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambao katika kusimulia kuanguka kwa majumba ya Pate haukusahau kuyataja madaka ya vyombo hivyo. Inafaa kutambua kwamba neno daka hubeba maana zote mbili, ya ukumbi wa mlangoni na ya shimo la ukutani, kwa kuwa zote zinahusu nafasi iliyorudi nyuma. Baadhi ya watafiti wamezihusisha zidaka na hamu ya kukilinda chumba cha ndani, ambacho mambo ya uzazi na ya msiba yalitendeka karibu nacho, ingawa maelezo ya urembo na ya ukwasi yanatosha kueleza sehemu kubwa. Sebule za Dar es Salaam na Nairobi za miaka hii zimeirudia kazi ya zidaka bila kuitaja, kwa kujenga ukuta wa jipsamu wenye mashubaka na taa za mkanda kuzunguka televisheni. Tofauti iko kwenye unene. Kidaka cha Lamu kilikaa ndani ya ukuta wa matumbawe wenye unene unaokaribia nusu mita na hakikula hata shibiri moja ya sakafu, lakini kidaka cha jipsamu hutokeza mbele ya ukuta na kumega sebule ambayo tayari ilikuwa ndogo.

Lugha ya mafundi ina mkazo mwingine, kwa sababu inahusu tabaka, yaani kitu gani kinakaa juu ya kipi na kwa mpangilio upi. Lipu ni mchanganyiko wa saruji na mchanga unaofunika matofali. Skimu ni tabaka jembamba jeupe linalolainisha lipu, kazi ambayo zamani ilifanywa na niru, ile chokaa laini ya kumalizia. Praima ni rangi ya kwanza inayoziba vinyweleo vya ukuta ili rangi za juu zisinywewe. Na finishi ni jina la jumla la kila kinachobaki kuonekana na kuguswa. Fundi anayependekeza kuruka praima kwa hoja ya kuokoa fedha anapendekeza kwa kweli kwamba rangi ya bei kubwa ifanye kazi ya praima. Katika rangi yenyewe, rangi ya maji na rangi ya mafuta hutofautiana kwa kiyeyushi chake, na kila moja huja kwa viwango vya mng'ao: isiyong'aa huficha mawimbi ya lipu lakini huvumilia kufutwa kwa shida, inayong'aa hufutika kwa kitambaa lakini hufichua kila kosa la mwiko, na silki imekaa katikati. Kwa hiyo swali la mng'ao ni swali la watoto na mikono yao kabla ya kuwa swali la uzuri.

Jipsamu ni madini laini yaliyosagwa, yakapikwa na kubanwa kati ya karatasi mbili nzito, na udhaifu wake mkubwa ni maji, ndiyo maana ipo aina ya bafuni ambayo karatasi yake kwa kawaida hutiwa rangi ya kijani ili isichanganywe na ya kawaida. Konishi ni ukanda wa pambo unaokaa pembeni ambapo dari hukutana na ukuta, na skatingi ni ndugu yake wa chini, ukanda wa mbao au kigae unaofunika mahali ambapo sakafu hukutana na ukuta. Wa kwanza unaweza kuachwa bila hasara, lakini wa pili unaulinda ukuta dhidi ya ufagio na maji ya kudeki, na nyumba isiyo nao huonekana chafu ndani ya mwaka mmoja.

Neno linalopotosha kuliko yote katika maduka ya vifaa ni marumaru. Kwa asili marumaru ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini, zuri na la gharama, linaloumizwa na tone la ndimu kwa kuwa tindikali hula uso wake. Lakini Tanzania jina hilo limehamia kwenye vigae vya udongo uliochomwa kiwandani, ambavyo ndimu haiviogopeshi. Kati ya vigae hivyo kuna tofauti moja yenye namba: kigae cha poseleni ni kile kinachofyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, na kigae cha seramiki cha kawaida hufyonza zaidi, jambo linaloamua kipi kifae nje au bafuni. Vigae vyenye gilasi juu huwa pia na daraja la uchakavu kutoka 0 hadi 5, ambapo madaraja ya chini ni ya ukutani na ya juu ni ya sakafu zinazokanyagwa sana. Grauti ni unga unaochanganywa na maji na kujazwa kwenye mianya kati ya vigae, na terazo, inayoonekana katika majengo mengi ya umma ya zamani, ni vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji kisha vikasuguliwa mpaka vikang'aa, sakafu ambayo ilidharauliwa kwa muda na sasa imerudi kwa bei isiyo na aibu.

Katika rangi Kiswahili kina tabia ambayo wabunifu wangepaswa kuionea wivu. Vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, na karibu rangi zote nyingine hutajwa kwa kitu kinachozibeba: kijani kwa majani, manjano kwa kiungo cha bizari, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa jivu, zambarau na chungwa kwa matunda yake, na kwa wanaopenda utani, damu ya mzee kwa wekundu uliokolea. Anayesema rangi ya ugoro ametaja rangi pamoja na ukavu wake. Hata hivyo mpangilio wa kitaalamu unahitajika pale ndoo mbili zinapopaswa kufanana, na Mmarekani Albert Munsell, aliyekuwa mwalimu wa sanaa mwanzoni mwa karne ya 20, aliigawa kila rangi katika sifa tatu, yaani aina yake, kiwango chake kati ya weusi na weupe, na ukali wake. Dukani sifa hizo hujitokeza kwa njia nyepesi: rangi iliyotiwa nyeupe imepauka, iliyotiwa nyeusi imekoza, na iliyotiwa kijivu imefifia.

Gurudumu la rangi, ambalo Isaac Newton alilichora katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704, huonyesha rangi zipi ni jirani na zipi zinakabiliana. Jirani hutuliza, zinazokabiliana huamshana, na ndiyo maana mto mmoja mwekundu kwenye chumba cha kijani hutosha. Kanuni ya sitini, thelathini na kumi, inayozipa kuta na vitu vikubwa rangi moja kwa asilimia 60, samani na mapazia rangi ya pili kwa asilimia 30, na mapambo rangi ya tatu kwa asilimia 10, ni ya kukisia tu, lakini humzuia mtu kupaka kila ukuta rangi yake.

Namba muhimu zaidi kwenye kadi ya rangi ndiyo isiyosomwa, nayo ni kiwango cha kurudisha mwanga, kinachoanzia 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Ukuta wenye kiwango cha chini humeza mwanga na kudai taa nyingi zaidi, na Waamu, ambao chumba chao cha ndani hakikuwa na dirisha la njiani, walilijibu tatizo hilo kwa chokaa nyeupe iliyopokezana mwanga wa kiwanda kutoka msana hadi msana. Kwa taa za umeme swali limegawanyika mara tatu. Wati hupima umeme unaoliwa na lumeni hupima mwanga unaotolewa, hivyo taa ya LED ya takriban wati 9 hutoa lumeni 800 hivi ambazo zamani zilidai globu ya wati 60. Joto la rangi hupimwa kwa kelvini, na linawatatiza wengi kwa kuwa namba ndogo, 2700 au 3000, ni ya mwanga wa manjano unaoitwa wa joto, na namba kubwa, 6500, ni ya mwanga wa kibuluu unaoitwa baridi. Kitendawili hicho humalizika kwa mhunzi, ambaye chuma chake hupata moto kwa wekundu kwanza, kisha manjano, kisha weupe, kwa hiyo kilicho moto zaidi ndicho cheupe zaidi. Kipimo cha tatu ni uaminifu wa rangi, ambao kikomo chake ni 100, na taa iliyo chini ya 80 huifanya nyama mbichi ionekane imelala na kanga mpya ionekane imefuliwa mara kumi.

Wabunifu huzigawa taa hizo katika mwanga wa jumla, unaokiangaza chumba chote, mwanga wa kazi, unaoelekezwa kwenye meza ya kusomea au ubao wa kukatia mboga, na mwanga wa mkazo, unaokionyesha kitu kimoja kama picha au mlango wa nakshi. Nyumba nyingi zina wa kwanza peke yake, globu moja nyeupe katikati ya dari, ambayo humpa kila aliyeketi kivuli chini ya macho.

Jikoni istilahi inayotajwa sana ni pembetatu ya kazi, inayounganisha sinki, jiko la kupikia na friji, ambayo iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1940 na hutaka jumla ya pande zake iwe kati ya mita 4 na 8 hivi. Kabla yake msanifu wa Austria Margarete Schütte-Lihotzky alibuni mwaka 1926 jiko la Frankfurt, chumba cha takriban mita 1.9 kwa 3.4 kilichohesabu kila hatua ya mpishi, na takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yakawekwa katika nyumba za wafanyakazi za jiji hilo. Pembetatu hiyo humchukulia mpishi kuwa mmoja, aliyesimama, na mwenye moto mmoja. Lamu jiko lilipandishwa juu ya paa chini ya makuti ili moshi uende zake, na hadi leo familia nyingi za pwani hugawa kazi kati ya jiko la ndani la gesi na jiko la nje la mkaa, huku mkunaji nazi akihitaji mahali pa kuketi na mbuzi yake, nafasi ambayo hakuna pembetatu iliyoihesabu. Mbunifu anayechora jiko la aina hiyo bila kuuliza nazi inakunwa wapi amechora jiko la mtu mwingine.

Maneno haya yote hupimwa thamani yake kwenye mchanganuo wa vifaa na kazi, ambao wakandarasi huuita kwa herufi zake tatu, BOQ. Mstari unaosema kwamba sebule itapewa finishi ya kisasa humwachia mkandarasi uhuru wa kuweka chochote, lakini mstari unaosema kwamba ukuta utapigwa skimu, praima mara moja na rangi ya maji ya silki mara mbili, na sakafu itawekwa vigae vya poseleni vya sentimita 60 kwa 60 pamoja na skatingi ya sentimita 10, unaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye futikamba na subira.

Majina ya mitindo yamebaki kwa mwisho kwa sababu ndiyo dhaifu zaidi. Baadhi yake yana historia inayoshikika, kama Art Deco, iliyopata jina lake kutokana na maonyesho ya Paris ya mwaka 1925. Mtindo wa unyofu, unaoacha tu vitu vyenye kazi, una angalau kanuni. Lakini kisasa ni neno la kalenda ambalo kila miaka kumi huhama kutoka kochi moja kwenda jingine. Hata mtindo wa Kiswahili umeingia katika orodha hiyo, na hoteli za ufukweni huuza vyumba vyenye kuta nyeupe, kitanda cha samadari, kiti cha enzi cha mpingo na zidaka zilizowashwa taa kwa ndani. Vitu hivyo mara nyingi vimetengenezwa kwa ustadi na nakshi zake si za kubeza. Ila mlango wa chumba hufunguka moja kwa moja kwenye bwawa la kuogelea, bila daka, bila tekani, bila msana hata mmoja, na upana wake wa mita 6 haujawahi kusikia habari za boriti. Kwa kipimo cha Mwamu, hicho ni chumba chenye zidaka kisicho na ndani.